Muulize Shangazi wa Hesabu: Tisheti za kampeni nani analipa?

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu, kwamba ukitaka kujua kazi ya kukusanya ushuru wa stendi ya mji wenu itaenda kwa mzabuni gani, kumbuka nani alilipia tisheti wakati wa kampeni. Basi simu haijapoa. Wengine mmenitukana, wengine mmesema shangazi umechelewa kusema, na mmoja kaniuliza kama nina kinyongo sababu niligombea nikakosa, hapana, sijawahi kugombea hata uongozi wa kwaya. Nimekaa miaka 27 kwenye idara za fedha za halmashauri tatu, nimestaafu, sasa hivi nafuga kuku. Maswali ya leo ni yale yanayofanana na ya wengi, majina na miji nimeficha.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni katibu wa kijiwe cha bodaboda, mji wetu mdogo tu, stendi moja soko moja. Kipindi cha kampeni jamaa aliyekuwa anagombea udiwani alituchukua vijana arobaini, kila msafara lita mbili za mafuta na elfu tano mkononi, misafara kama sita hivi, na tisheti juu. Ameshinda, sasa akipita na gari kioo kinapanda. Vijana wananisumbua mimi maana mimi ndo niliwapanga. Hivi diwani analipwa shingapi mpaka amwage hela namna ile? Alafu zile hela zinarudije?

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Kioo kinapanda kwa sababu nyie mlishalipwa. Lita mbili, elfu tano, mkamalizana palepale barabarani, hakuna mnachomdai. Kuna mtu mwingine anamdai, na huyo akisimama pembeni ya barabara kioo kinashuka mpaka chini na mheshimiwa anatoka kabisa kwenye gari.

Sasa tupige hesabu. Tuseme lita ni elfu tatu, kijana mmoja kwa msafara ni elfu kumi na moja, vijana arobaini ni laki nne na arobaini, mara sita ni milioni mbili laki sita na arobaini elfu. Hapo ni bodaboda tu, sijagusa tisheti, spika, wasanii, pilau, wala zile siku kabla ya kura za maoni za ndani ya chama ambazo ndo hela nyingi inaondoka, na inaondoka usiku.

Kwa miaka mingi posho ya mwezi ya diwani imekuwa Sh350,000. Zidisha kwa miezi sitini ya miaka mitano, unapata milioni 21. Kuna posho ya kikao na nauli juu yake, sawa, lakini toa upande wa pili. Diwani wa kwetu anazika kata nzima. Kila msiba anatakiwa aonekane na bahasha, kila harusi kadi ya mchango inamfikia wa kwanza, mtoto kafaulu hana sanduku la kwenda nalo bweni, mgonjwa anatakiwa rufaa, yote mlango ni wake. Nimekaa nao jirani, nimeona madiwani waadilifu kabisa wanamaliza miaka mitano wana deni kuliko walivyoingia. Na kabla ya Julai 2021 ilikuwa mbaya zaidi, posho ilikuwa inatoka kwenye mapato ya halmashauri yenyewe, miji midogo makusanyo yakiyumba waheshimiwa wanakaa miezi hawajaona kitu, mimi nilikuwa napita mlango wa nyuma nisikutane nao korido. Tangu hapo serikali kuu ikachukua mzigo wa posho kwenye halmashauri 168 zenye mapato madogo, zile 16 zenye uwezo ndo zikaachiwa zijilipie.

Kwa hiyo ukiona mtu anatumia milioni kumi na tano kutafuta kazi ya posho ya milioni 21 kwa miaka mitano, na misiba juu, ujue ama ana roho ya kanisa ama ile milioni kumi na tano si yake. Wapo wanaouza kiwanja, wapo wanaochangiwa na ukoo, sikatai. Lakini wengi yupo anayeitwa mdau. Mdau hagombei, hapandi jukwaani, ana duka la vifaa vya ujenzi au malori, anaongea taratibu.

Mdau anarudishiwaje sasa. Watu wanadhani diwani anaingia ofisini anabeba hela kwenye mfuko wa rambo. Diwani hana saini kwenye malipo. Anayelipa ni mkurugenzi na watu wake wa fedha, na bodi ya zabuni ni watumishi, diwani hakai humo. Tenda siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, ulianza 2023, kwa hiyo hata pale mlangoni pamekuwa pagumu kidogo kuliko enzi za kuletewa bahasha zilizofungwa kwa gundi alafu zinafunguliwa usiku kwa mvuke wa birika. Mdau anajua yote hayo. Anachonunua kwa diwani ni kimya.

Ngoja nieleze, hapa ndo wengi wanapopotea. Mji mdogo vyanzo vyake vya mapato vinahesabika: stendi, soko, vibanda, machinjio, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, ule ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya makampuni, ushuru wa mazao, basi. Kila mwezi inakaa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, madiwani wachache, wanaletewa taarifa ya nani kakusanya nini na nani hajaleta. Hiyo kamati ikiwa na mtu mmoja tu anayeuliza "kwanini stendi mwezi huu imeleta nusu", mzabuni hapati usingizi. Ikikosa huyo mtu, mzabuni analala mpaka saa nne.

Niliwahi kuwa kwenye halmashauri moja, siitaji, mzabuni wa stendi alikuwa na malimbikizo ya miezi mitano. Mimi mwenyewe niliandaa taarifa, nikaiweka ajenda namba sita. Kikao cha kwanza mheshimiwa mmoja akasema muda umekwenda, tuipeleke kikao kijacho. Kijacho akasema taarifa haina viambatisho. Nikaweka viambatisho. Kikao cha tatu akasema mzabuni apewe nafasi ya kusikilizwa, cha nne mzabuni akaleta barua kuwa anauguliwa. Mkataba ukaisha, yakabaki malimbikizo kwenye vitabu, mwaka uliofuata mzabuni akaja na jina lingine la kampuni. Hakuna shilingi hata moja iliyoibiwa kwenye kabati langu. Na yule mheshimiwa kampeni zake zilitumia malori mawili ya huyo mzabuni, mji mzima tuliyaona, tena tulicheza nyuma yake.

Hivyo katibu, vijana waambie wasimdai diwani mafuta. Wamuulize maegesho ya bodaboda pale stendi yanalipiwa kwa nani na risiti inatoka kwenye mashine ya POS au kwenye kitabu cha mkononi. Ripoti za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, karibu kila mwaka zina sura ya makusanyo ya POS ambayo hayakufika benki, na hiyo elfu moja unayolipa asubuhi inaweza kuwa humo.

SWALI: Shangazi mimi nilipokea kanga mbili na sukari kilo mbili kwa mgombea na kura sikumpa, nilimpa mwenzake. Nina kosa?

SHANGAZI: Umenichekesha. Kwa mgombea una kosa kubwa sana, kwa sheria pia unalo.

Historia yake ndefu kidogo. Mwaka 2000 Bunge liliingiza kwenye sheria ya uchaguzi kipengele cha takrima, kwamba ukarimu wa kawaida au wa mila unaofanywa kwa nia njema usihesabiwe rushwa, na unajua tena mtu akishapewa mlango wa upana huo, ukarimu ukawa unakuja na lori. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na LEAT na NOLA, mashirika ya wanasheria, wakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikasema kipengele hicho kinakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu tajiri anakirimu na maskini hana cha kukirimu, ushindani haupo sawa. Baadae ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi Na. 6 ya 2010, ambayo inakataza zawadi za kushawishi kura tangu kwenye mchujo wa ndani ya chama, sio kwenye kampeni tu. Na sheria ya TAKUKURU, ile taasisi ya kupambana na rushwa, ya 2007 inamshika anayetoa na anayepokea pia.

Kwa hiyo "nimekula kwake kura nimempa mwingine" ni ujanja mzuri kijiweni tu. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Kanga najua hutarudisha.

YA HARAKA HARAKA

Msomaji anauliza diwani wake aliahidi barabara ya lami, mwaka wa pili huu hata greda halijapita, amshitaki wapi. Mwanangu, barabara za mitaa sio za halmashauri tena tangu Julai 2017, zipo TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Diwani anaweza kusukuma, kuandika, kupiga kelele barazani, kuweka kata yake kwenye vipaumbele, ila bajeti ya lami hana. Aliyekuahidi lami alijua au hakujua, na sijui kipi kibaya zaidi.

Mwingine kodi ya jengo anakatwa kwenye luku, anauliza kama hiyo ndo inajenga soko lao. Hiyo ilianza 2021, elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda ikawa elfu moja mia tano, na kinachokusanywa kinapita serikali kuu kwanza, haidondoki moja kwa moja kwenye akaunti ya mji wako. Zamani ilikuwa chanzo kikubwa cha halmashauri za mijini, na nilipoiona inaondoka niliumia kama mtu kaniibia jogoo.

Wa tatu anauliza kama ni lazima awe diwani ndo aingie kwenye kikao cha baraza. Si lazima. Baraza la madiwani la kawaida linakaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza, ila huruhusiwi kuchangia. Vaa nguo ya heshima, zima simu. Miaka yote ile viti vya wananchi nilikuwa naviona vimewekewa mikoba ya watumishi.

SWALI: Shangazi za leo. Mi ni mwalimu, niliwekwa kwenye kamati ya ujenzi wa madarasa mawili hapa shuleni kwa ule utaratibu wa fosi akaunti, mafundi wa hapahapa. Madarasa yameishia kwenye lenta, mvua inanyeshea. Juzi kwenye mkutano wa hadhara viongozi wanatamba halmashauri imepata hati safi mwaka wa nne mfululizo, na watu wanapiga makofi. Hati safi ya nini wakati mimi nina kuta mbili zinaota majani?

SHANGAZI: Hili swali nimelisubiri sana mwalimu.

Hati safi, ile vitabuni inaitwa hati inayoridhisha, maana yake ni kwamba Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ameangalia taarifa za fedha akaona zimeandikwa kwa kufuata viwango vya uhasibu na hazina upotoshaji mkubwa. Ni hukumu ya daftari. Mama kaandika kanunua nyama kilo tatu, risiti ya bucha ipo, hela imepungua kwenye pochi sawasawa na risiti, daftari safi. Kama nyama ilikuwa na mifupa mitupu, au kama ilifika sufuriani, hiyo inaandikwa kurasa nyingine, na hizo kurasa hakuna anayezisoma jukwaani. Nimeona halmashauri yenye hati safi na orodha ya miradi iliyokwama inayojaza kurasa. Vyote viwili vilikuwa kweli.

Ripoti ya CAG inakabidhiwa kwa Rais mwisho wa Machi, inawekwa mezani bungeni Aprili, alafu Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ile LAAC, inawaita wakurugenzi kuhojiwa. Ripoti ya serikali za mitaa inapatikana wazi kwenye tovuti yao, ni kubwa na inachosha, wewe tafuta jina la halmashauri yako tu usome kila inapotajwa. Kuna na toleo fupi la mwananchi.

Ila nisikudanganye kwamba kila ukuta uliosimama kwenye lenta umeliwa. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Niliona mara nyingi hela ya mradi inaingia Mei, mkamalize manunuzi ndani ya wiki sita, msipomaliza bakaa inatakiwa irudi mpaka mpate kibali cha kuitumia. Watu wanakimbia kununua sementi ya kuzidi, inaganda stoo. Alafu bei. Kwenye yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO, yaani korona, ya mwaka 2021 kila darasa lilipewa Sh20 milioni, iwe shule ipo karibu na kiwanda cha sementi iwe ipo kisiwani ambako mfuko unapanda boti. Wa mjini walibakiza, wa kisiwani walichangisha wazazi. Sasa wewe unajua la kwenu ni lipi? Utajua kwenye leja ya stoo. Mifuko iliyoingia, iliyotoka, saini ya fundi, na uhesabu kwa macho yako matofali yaliyopo ukutani, fundi yeyote mkweli atakwambia ukuta ule umekula mifuko mingapi. Tofauti ikiwa mifuko mitano ni uzembe, ikiwa sabini ni nyumba ya mtu.

Wakikunyima leja, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaandika barua kama raia, wana siku 30 kukujibu. Ila wewe ni mwalimu, uhamisho upo, kwa hiyo barua hiyo aandike mzazi asiye na ajira ya serikali. Nasema kama mtu aliyewahi kuhamishwa.

SWALI: Shangazi sisi ni kikundi cha akina mama kumi, tunasindika karanga. Diwani wetu kasema hela ya mikopo ya asilimia kumi ni juhudi zake yeye na kikundi kisichoonekana kwenye mikutano yake kitasubiri sana. Tufanyeje, twende tukapige vigelegele?

SHANGAZI: Vigelegele pigeni kwenye harusi.

Hiyo hela ni ya kisheria. Tangu 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo yalikuwa maelekezo tu na wengi hatukutenga, nakiri, hela ilikuwa inaishia kwenye mafuta ya magari. Ilipokuwa sheria ikaja shida nyingine, vikundi hewa, watu watano wa familia moja wana katiba na muhuri na akaunti, wanapewa, wanapotea. CAG akaandika weee, mpaka Aprili 2023 serikali ikasimamisha utoaji. Mwaka 2024 ikarudi kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikaanza majaribio ya kupitia benki, nyingine zikaendelea kwa njia ya halmashauri yenyewe na kamati zake za uhakiki.

Ukitaka kujua kwanini diwani anaipenda sana hii hela, angalia kalenda. Mikopo inakuwa mingi ukikaribia uchaguzi, na marejesho yanakuwa machache baada ya uchaguzi, kwa sababu aliyekopa aliambiwa kwa jicho kwamba hiyo ni shukrani. Hivyo ndivyo fedha ya serikali inavyogeuka kuwa fedha ya kampeni bila kuonekana kwenye fomu yoyote, na sheria ya gharama za uchaguzi haina jicho la kuona hapo. Tisheti inaonekana. Mkopo wa kikundi cha shangazi yake diwani hauonekani.

Nyie nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mjisajili, andiko lenu lipokelewe na mpewe nakala yenye muhuri na tarehe. Nakala yenye tarehe. Wakipitishwa wengine walioomba baada yenu mna cha kuonyesha. Na mikutano yake nendeni pia kama mna nafasi, kusikiliza.

SWALI: Shangazi salama? Niko Marekani mwaka wa kumi na moja, nimechukua uraia, nakaa mji mdogo. Kila mara kuna uchaguzi wa halmashauri ya mji, wenzangu wa kiafrika hakuna anayekwenda, wanasema huku hakuna wizi, hela ya mji inajiendesha. Ni kweli?

SHANGAZI: Waambie wakatafute habari za mji wa Bell, California.

Bell ipo ndani ya kaunti ya Los Angeles, watu kama 37,000, wengi wahamiaji wa Kilatino, vipato vya chini, mji wa kawaida kabisa. Mwaka 1993 waliajiri mtendaji mkuu, Robert Rizzo, kwa dola 72,000 kwa mwaka. Mwaka 2010 gazeti la Los Angeles Times likachimba likakuta mshahara wake umefika dola 787,637. Rais wa Marekani wakati huo alikuwa analipwa 400,000. Msaidizi wa Rizzo zaidi ya 376,000, mkuu wa polisi wa kamji kale 457,000, na madiwani wenyewe, kazi ya muda mfupi ya jioni, karibu laki moja ya dola kila mmoja. Wakati huohuo wenye nyumba walikuwa wanalipa kodi ya majengo ya juu kuliko majirani zao wengi.

Waliwezaje? Hapa ndo nataka wenzako wasikilize. Sheria ya jimbo la California ilikuwa inaweka ukomo wa malipo ya madiwani wa miji ya kawaida, lakini mji wenye hati yake maalum ya kujiendesha ulikuwa unakwepa ukomo huo. Mwaka 2005 Bell wakaitisha uchaguzi mdogo wa kupitisha hati hiyo. Mji wa watu 37,000, waliopiga kura hawakufika 400. Hawakuhitaji kanga wala pilau, kununua watu ni gharama na wao wala hawakuhitaji watu waje, walihitaji wabaki nyumbani.

Habari ilipotoka Julai 2010 wananchi walijaa kwenye ukumbi mpaka nje, Machi 2011 wakawaondoa madiwani kwa kura, na Rizzo 2014 akahukumiwa miaka 12. Kwa hiyo na wewe kama mna kikao cha bajeti Jumatatu jioni nenda, chukua na mtoto akutafsirie kile kiingereza chao cha mahesabu, mimi hata cha kwetu kilikuwa kinanipiga chenga.

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 41, nauza mitumba, nimewahi kuwa mjumbe wa serikali ya mtaa. Watu wananisukuma nigombee udiwani awamu ijayo. Mfanyabiashara mmoja mwenye tenda ya kuzoa taka hapa mjini kaniita, kasema atanilipia tisheti, spika na nauli za wajumbe, jumla milioni sita, na hataki chochote, yeye anapenda maendeleo tu. Mume wangu anasema nikubali, dada yangu anasema nikimbie. Shangazi unasemaje?

SHANGAZI: Marahaba mama. Kwanza nauli za wajumbe, wale wanaopiga kura za maoni ndani ya chama, futa kabisa. Mjumbe anatoka mtaa wa pili anakuja kwa miguu, nauli ya kwenda wapi? Hiyo ni rushwa imevaa ndala. Tena haisaidii, 2020 nchi nzima ilicheka ule msemo wa "wajumbe si watu", watia nia walitoa mpaka akiba ya ada za watoto, mjumbe anapokea kwa watano, anawaombea dua wote watano, alafu anampa kura wa sita.

Spika na tisheti si dhambi. Mgombea kuchangiwa kunaruhusiwa. Sheria ile ya 2010 inataka useme kwa chama chako una hela kiasi gani ya kampeni na unategemea kupata kwa nani, mchango wa mtu mmoja ukizidi Sh1 milioni au wa taasisi ukizidi Sh2 milioni lazima utajwe, na uchaguzi ukiisha unatoa hesabu ya matumizi kwa chama, chama kinapeleka kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Ukomo wa matumizi upo pia, unatangazwa na Waziri kwenye gazeti la serikali, kautafute kabla hujaagiza tisheti. Wagombea wengi wa udiwani hii fomu wanaijaza kama fomu ya kituo cha afya, usiwe wao. Daftari moja, kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, na yule mama atakayewauzia maji ya kunywa akuandikie risiti hata kwenye karatasi ya daftari asaini.

Kuhusu huyo bwana wa taka. Tenda yake inakuja barazani na kwenye kamati kila anapochelewa kuzoa, kila anapotaka nyongeza, na kila mkataba ukiisha. Ukiwa diwani mwenye maslahi na jambo lililopo mezani unatakiwa utamke, ukae pembeni, usipige kura. Kwa hiyo fanya hivi. Rudi kwake, mkae, chai ije, mwambie umeshukuru sana na umekubali spika na tisheti. Alafu mwambie jina lake na kiasi alichotoa unaviandika kwenye fomu ya chama, na kwamba siku taka zikiwa ajenda utasimama mbele ya wenzako wote useme huyu alinichangia, alafu utatoka nje ya ukumbi ukasubiri kwenye korido. Sema hayo kwa upole, hujamtuhumu. Mwangalie usoni wakati anaweka kikombe chini.

Akikumbuka ghafla kwamba biashara mwaka huu imekuwa ngumu, umepata jibu bila kugombana na mtu. Na kama baada ya kuyasikia hayo yote bado atatoa hela yake, niandikie haraka, nataka nimjue.